Mzee Akiteleza Bafuni Asichuliwe, Aletwe Hospitali



Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumzia malaria, kuhara, chanjo za watoto na lishe ya mama mjamzito. Wazee tumewagusa mara chache, na kosa hilo ni letu. Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo jamaa wengi huliona dogo mpaka liwafike nyumbani: mzee kuteleza bafuni au chooni na kuvunjika nyonga.

Tuanze na bibi mmoja aliyeletwa wodini kwetu siku ya tisa baada ya kuanguka. Umri wake ulikuwa umepita miaka 70. Alikuwa mjane mwenye nguvu zake, akipalilia migomba yake mwenyewe na kwenda mnadani kwa miguu. Usiku mmoja wa mvua alitoka kwenda chooni nyuma ya nyumba. Mkono mmoja ulishika simu yenye tochi, mwingine ulishika kanga aliyojifunika kichwani, kwa hiyo hapakubaki mkono wa kujishikiza. Pale kwenye kizingiti cha choo akakanyaga udongo ulioloa, akaangukia ubavu wa kushoto.

Wanawe walimbeba wakamlaza kitandani. Asubuhi wakamwita fundi wa kuunga mifupa, mzee anayeheshimiwa kijijini, ambaye ameunga mikono ya watoto wengi walioanguka kutoka miembeni. Naye akasema kiuno kimeteguka. Akamchua kwa mafuta na kumkanda kwa maji ya moto siku tatu mfululizo. Bibi alilia sana, wakadhani ndiyo dawa inafanya kazi. Siku ya saba akaanza kukohoa na kuweweseka, akiwaita watu waliokwisha kufa. Hapo ndipo gari likaanza kutafutwa.

Tulipofunua shuka hatukuhitaji kungoja picha ya eksirei. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, na unyayo umelala ukitazama nje. Juu ya matako palikuwa na kidonda cha kulalia kipana kama kiganja. Mapafu yalikuwa na kichomi. Daktari alianza kumtibu kichomi ili apate nguvu za kupelekwa kupasuliwa, lakini siku ya nne akafariki. Katika cheti kiliandikwa kichomi. Sisi tuliokuwa tukimgeuza kitandani tunajua kwamba habari ilianzia kwenye kizingiti cha choo, na ikamalizwa na zile siku tisa.

Hatusemi hayo ili kuwalaumu wanawe. Walimpenda mama yao na walikesha naye. Hawakuambiwa tu, na wa kuwaambia tulikuwa sisi.

Wala si bibi huyo peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba watu 684,000 hufa duniani kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Wanaokufa kwa wingi ni wale waliopita miaka 60. Shirika hilo hilo lilieleza mwaka 2007 kwamba katika watu wenye miaka 65 na zaidi, karibu mmoja kati ya watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Hebu hesabu wazee wa jumuiya yako, halafu ugawe kwa tatu.

Nyonga ni wapi, na kwa nini inavunjika?

Watu wengi husema "nimeumia kiuno" wakionyesha popote kuanzia mgongo hadi paja. Nyonga ni pale paja linapoungana na kiuno. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kilichoingia katika kikombe cha mfupa wa kiuno, na ndiyo maana tunaweza kuuzungusha mguu. Chini ya kichwa hicho pana shingo nyembamba, kama shingo ya kibuyu. Kibuyu kikianguka huvunjika shingoni, na mfupa wa paja la mzee ni vivyo hivyo.

Mishipa ya damu inayolisha kichwa cha mfupa hupita kwenye shingo hiyo. Shingo ikikatika, mara nyingi na mishipa hukatika, na kichwa kinakosa chakula. Hapo hata ungekaa kitandani miezi sita, vipande viwili hivyo huenda visikutane tena. Mkono wa mtoto ukivunjika huwa na damu ya kutosha na unaunga upesi. Kwa hiyo sifa za fundi wa mifupa kijijini ni za kweli kwa mkono wa mtoto, lakini nyonga ya bibi ni habari nyingine kabisa. Kuichua ni kusaga vipande vya mfupa na kumwaga damu ndani ya nyama za paja.

Mifupa ya uzeeni huwa myepesi, yenye matundu mengi ndani kama mkate. Wanawake huwahi kupungukiwa baada ya kukoma hedhi, kwa kuwa homoni iliyokuwa ikilinda mifupa imepungua. Wengine wanaoathirika ni wavutaji wa sigara, wanywaji wa pombe nyingi, waliokonda sana, na wale waliotumia vidonge vya prednisoloni kwa muda mrefu kwa ajili ya pumu au maumivu ya viungo. Prednisoloni inauzwa madukani kama pipi, na wapo wazee wanaoinywa kila wakiumwa magoti. Hili linatuudhi sana, lakini tutalirudia mwezi mwingine.

Kijana akiteleza hujishika, au huanguka kwa mikono. Mzee hana wepesi huo. Huanguka ubavu, na uzito wote unatua juu ya nyonga. Zaidi ya nyonga tisa katika kumi zinazovunjika kwa wazee zimevunjwa na kuanguka tu, tena kuanguka kutoka kimo cha mtu aliyesimama.

Kwa nini ni bafuni na chooni?

Kwa sababu ndipo mambo yote mabaya yanapokutana mahali pamoja: maji, sabuni, giza, kuinama, kuchuchumaa na haraka. Mzee aliyechuchumaa kwa dakika kumi akiinuka ghafla, damu inachelewa kufika kichwani, anaona giza, anatafuta cha kushika na hakuna. Akishika mlango, mlango unafunguka. Akishika msumari wa kutundikia taulo, unang'oka.

Wengine hufikiri hatari iko kwenye choo cha shimo tu na kwamba choo cha ndani ndiyo usalama. Kijana mmoja wa huku kwetu anayefanya kazi mjini alimjengea baba yake nyumba nzuri yenye bafu ndani na marumaru nyeupe zinazong'aa kuanzia sakafuni mpaka ukutani. Mzee yule alikuwa amekanyaga udongo na majani makavu maisha yake yote. Nyayo zake hazikujua marumaru yenye povu la sabuni. Mwezi wa pili aliteleza akaangukia nyuma ya mlango. Kwa kuwa mlango ulifungukia ndani, mwili wake uliuzuia, na mwenyewe alikuwa amekwisha kuweka komeo. Majirani walivunja dirisha wakamwingiza mtoto mdogo afungue. Ilichukua karibu saa nzima, mzee amelala majini.

Lakini huyo aliletwa siku ile ile, na tutarudi kwake baadaye. Mwanawe alituuliza, kwa uchungu, kama ingekuwa heri amwachie baba choo chake cha zamani. Tulimjibu hapana. Bafu la ndani ni zuri. Lililokosekana ni bomba la kushika, na mlango unaofungukia nje.

Mambo ya kutengeneza nyumbani

Tunawaomba vijana wakae chini wasome sehemu hii polepole, kwa kuwa wao ndio wenye nyundo.

La kwanza ni mahali pa kushika. Kama ukuta ni wa matofali ya kuchoma au ya saruji, nunua kipande cha bomba la chuma linaloenea kiganjani, ulichimbie ukutani kwa saruji pande zote mbili na uache nafasi ya mkono kupita nyuma yake. Kama ukuta ni wa udongo usidanganyike, bomba litatoka na ukuta wake. Badala yake chimbia nguzo ya mti mgumu pembeni ya tundu la choo, iingie ardhini futi mbili na kushindiliwa vizuri, upande wa ule mkono ambao mzee ana nguvu nao. Usipime kwa kimo chako wewe. Mlete mzee mwenyewe, achuchumae na kusimama, uone mkono wake unatafuta wapi, kisha uweke alama ya mkaa hapo. Nguzo ikiwa tayari ining'inie kwa uzito wako wote kabla hujamruhusu yeye aishike.

Kwa mzee ambaye magoti hayakunji tena, mwombe seremala atengeneze kiti imara chenye tundu katikati, kinachowekwa juu ya shimo la choo. Kiwe na mikono ya kuegemea, na kimo chake kiwe cha kumwezesha mzee kukaa nyayo zikiwa zimekanyaga chini sawasawa. Miguu ya kiti ifungwe isicheze. Tumeviona viti vya namna hii vilivyotengenezwa kwa mbao za mikaratusi, na mzee aliyekuwa akiogopa kula asije akaenda chooni ameanza tena kula.

Sakafu isiwe laini. Mafundi wetu wanapenda kumaliza kwa niru ili bafu lipendeze, lakini niru ikipata maji ni kama samaki aina ya kambale. Mwambie fundi asilainishe; saruji ikiwa bado mbichi aiparuze kwa ufagio wa miti ili ibaki na mikwaruzo. Bafu lililokwisha kulainishwa linaweza kukwaruzwa kwa patasi, au liwekwe mkeka wa mpira wenye kushika chini. Gunia au kitambaa kilicholowekwa juu ya marumaru hakifai. Kinateleza pamoja na mtu. Ule ukijani unaoota penye unyevu usuguliwe kwa brashi na majivu au dawa ya kusafishia kila wiki, hasa wakati wa mvua.

Mzee aoge ameketi. Tumia kigoda kizito cha mbao chenye miguu minne iliyotanuka. Vile viti vya plastiki tunavyokalia kwenye sherehe vina miguu inayotawanyika sakafu ikiloa, na tumepokea zaidi ya mtu mmoja aliyeangushwa navyo. Ndoo iwekwe juu ya benchi au matofali, usawa wa mkono wake akiwa ameketi, asiiname kuchota. Sabuni iwe ndani ya soksi iliyofungwa kwa kamba ukutani, maana sabuni ikianguka mzee huifuata.

Mlango ufungukie nje. Kama haiwezekani kuubadilisha, tumia pazia nzito. Kama ni lazima pawe na komeo, liwe la aina inayoweza kufunguliwa kutoka nje kwa kisu.

Halafu kuna viatu. Kandambili iliyolika mpaka unaona sakafu kupitia kisigino itupwe. Tunajua mzee atasema bado ni nzima. Vaa mwenyewe utembee juu ya saruji yenye maji uone.

Usiku

Safari ya usiku ndiyo inayotuletea wagonjwa wengi. Kwa mzee ambaye choo chake kiko nje, hakuna aibu kuweka ndoo yenye mfuniko au poti chumbani, karibu na kitanda lakini pembeni ya njia. Wazee wetu wa zamani walikuwa na vyungu kwa kazi hiyo hiyo. Taa ndogo ya sola iachwe ikiwaka chumbani, maana si gharama tena kama mafuta ya taa, na haiunguzi chandarua. Njia ya kwenda chooni isiwe na mawe, kamba za mbuzi, majembe wala maganda ya ndizi. Akiamka, akae ukingoni mwa kitanda kwanza, achezeshe nyayo, ahesabu mpaka thelathini, ndipo asimame.

Mzee anayeamka mara nne au tano kukojoa asiambiwe ni uzee. Inaweza kuwa kisukari, tezi dume kwa wanaume, au uambukizo wa njia ya mkojo, na yote hayo yana matibabu. Wanaotumia vidonge vya kukojoza maji mwilini kwa ajili ya moyo au shinikizo la damu wamwulize daktari kama wanaweza kuvinywa asubuhi. Tumewakuta wanaovinywa saa mbili usiku, kwa kuwa wameambiwa kimoja kwa siku bila kuambiwa saa.

Dawa nyingine nazo humfanya mzee ayumbe: za usingizi, za mafua zinazoleta kusinzia, baadhi ya zile za shinikizo la damu. Tafadhali usiziache kwa sababu umesoma hapa. Zitie zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za dukani na za jirani, uje nazo kliniki tuzitazame pamoja.

Macho ni jambo jingine. Mzee anayepapasa ukuta mchana huenda ana mtoto wa jicho, ambaye anaondolewa kwa upasuaji mfupi, na aliyepasuliwa hurudi nyumbani siku ile ile au kesho yake. Wazee wengi hukaa na giza miaka mingi kwa kudhani ni umri.

Nguvu za miguu

Wako jamaa ambao, mzee akianguka mara moja, wanamkataza kutembea, kulima, hata kwenda kanisani. Wanafanya hivyo kwa upendo, lakini wanamdhoofisha. Miguu isiyotumika hunyauka kama mgomba uliokatwa mizizi. Uchunguzi mwingi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba mazoezi ya kusimama imara na kutia miguu nguvu hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Hayahitaji kifaa. Mzee aketi kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, asimame na kuketi mara kumi bila kujisukuma kwa mikono kama anaweza. Kisha ashike meza, asimame kwa mguu mmoja, ahesabu kumi, abadilishe. Afanye hivyo kila siku kabla ya chai. Wiki ya kwanza mtu wa nyumbani asimame karibu naye.

Kuhusu chakula tunasema kwa kifupi: maharage, maziwa, mayai, mboga za majani, na dagaa wa ziwani wanaoliwa na mifupa yao. Ndizi peke yake hazitoshi, hata kwa Mhaya.

Mzee akianguka

Usimwinue kwa kumvuta mikono. Mwache alale, ongea naye kwanza. Mwulize anaumwa wapi na kama amejigonga kichwa. Mtazame miguu. Maumivu kwenye kinena au ubavuni mwa nyonga, mguu mmoja kuwa mfupi, unyayo kugeukia nje, kushindwa kuinua kisigino kutoka chini: mojawapo ya dalili hizi yatosha. Lakini jihadhari. Wapo ambao mfupa umevunjika na vipande vikang'ang'aniana, wakaweza hata kusimama na kutembea kwa kuchechemea, kisha siku ya tatu vikaachana. Kwa hiyo mzee aliyeanguka akawa na maumivu kila akikanyaga apigwe picha, hata kama anasema ni kidogo. Wazee wetu ni hodari wa kusema ni kidogo.

Kama unashuku nyonga, weka blanketi lililokunjwa katikati ya miguu yake, uufunge mguu ulioumia na ule mzima pamoja kwa kanga mbili au tatu, mahali pasipo na maumivu. Mfunike asipate baridi, umvue nguo zilizoloa. Paracetamol anaweza kupewa na maji kidogo, lakini asilishwe chakula kizito, maana huenda akahitaji nusu kaputi. Mbebeni watu wanne kwa machela, ubao au mlango uliong'olewa, na asafirishwe amelala. Tunasihi asipakizwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Tumewapokea waliofika hivyo, na mfupa uliokuwa umevunjika mara moja umetoboa nyama.

Hospitalini atapigwa picha. Tiba iliyo bora kwa wengi ni upasuaji: kuunganisha mfupa kwa chuma, au kuondoa kichwa kilichokatika na kuweka cha bandia. Huku Kagera wengi huvuka kwenda Bugando Mwanza. Upasuaji huu hufanyika pia KCMC Moshi na MOI Dar es Salaam, taasisi ya mifupa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Miongozo ya nchi nyingi inataka ufanyike ndani ya siku mbili. Sisi wa mbali hilo hutushinda mara nyingi, kwa barabara na kwa fedha, na ndiyo sababu siku moja iliyopotea nyumbani ni ghali kuliko mnavyodhani. Jamaa huogopa, wakisema mzee hawezi kuvumilia kisu. Anachoshindwa kuvumilia zaidi ni kulala. Akivutwa mguu kwa mifuko ya mchanga wiki nane au kumi na mbili, anakabiliwa na vidonda, kichomi, na damu kuganda katika mishipa ya mguu. Hata katika nchi zenye kila kifaa, katika wazee watano waliovunjika nyonga karibu mmoja hufariki kabla mwaka haujaisha. Hatufichi hilo. Lakini aliyepasuliwa mapema huketishwa siku inayofuata na kufundishwa kusimama, na hayo huwapunguzia wengi hatari.

Kwa mzee asiyeweza kupelekwa mbali kwa sababu yoyote ile, njooni tuwafundishe kumgeuza kila saa mbili, kumketisha, kumpiga mgongo ili akohoe, na kumsafisha. Msijifungie naye ndani.

Jambo moja huwa gumu kusemwa. Baba hataki kuogeshwa na binti yake, mama hataki mkwewe amwone. Kwa hiyo wanajificha, wanaoga gizani wakati nyumba imelala, wanaanguka peke yao. Ulizeni taratibu. Pengine mjukuu wa jinsia yake aketi nje ya pazia tu, akipiga naye hadithi, inatosha. Pengine mama wa jumuiya wa rika lake ataruhusiwa pale ambapo mtoto hakuruhusiwa.

Nasi tusijifanye watakatifu. Miaka kadhaa iliyopita, katika wodi yetu wenyewe, mama aliyekuwa anakaribia kuruhusiwa aliteleza bafuni sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki. Alivunjika kifundo cha mkono. Bafu lile lilikuwa na picha ya ukutani inayofundisha kunawa mikono, lakini halikuwa na mahali pa kushika. Tulimwomba radhi yeye na mumewe, na fundi alifunga mabomba mawili wiki ile ile. Sasa sakafu hupigwa deki wagonjwa wakiwa wamekwisha kuoga, si kabla.

Yule mzee wa marumaru alipasuliwa Bugando akarudi nyumbani baada ya wiki tatu. Mwanawe alifunga bomba, akageuza mlango. Alipokuja kliniki tulikuta anatumia fimbo ya marehemu kaka yake, ndefu mpaka kifuani, tena anaishika mkono wa upande ulioumia. Fimbo hushikwa mkono wa upande ule mzima, na mpini wake ufike kwenye kifundo cha mkono mtu akiwa amesimama wima ameuachia mkono. Tulimkatia na kumfungia kipande cha tairi chini isiteleze.

Wenye wazee watakaohudhuria kliniki mwezi ujao, waje na fimbo zao. Msumeno tunao, na tairi fundi ametuwekea.